Seli zilizobadilika na hofu ya saratani

SWALI: Shikamoo daktari. Nilipimwa mlango wa kizazi hapa Dodoma, nikaambiwa seli zimebadilishwa na virusi vya HPV. Je, nina saratani? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Marahaba. Majibu hayo peke yake hayasemi kwamba una saratani. Virusi hivyo vinapozaliana ndani ya seli, kiini chake hukua, hukolea rangi na kujikunja kama zabibu kavu, kikizungukwa na eneo jeupe ambalo mtaalamu huliona wazi kwa darubini. Maambukizi mengi huondolewa na kinga ya mwili ndani ya miaka 2. Yanayodumu, hasa ya aina ya 16 na 18, ndiyo ya kuogopwa. Tafadhali usikose tarehe ya kurudi kliniki, ambako huenda wakakata kinyama kidogo ili kukichunguza.