Ndiyo, ni leseni tu

Wakubwa shikamooni. Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika kwenye grupu la ukoo baada ya mimi kuweka picha ya leseni: "Kaka, si ulikuwa dereva wa basi miaka yote ile? Leo leseni ndiyo ya kutangaza? Au umenunua gari, na sisi unatuambia hali ngumu?" Watu wakacheka, vikatuni vikamiminika. Shangazi naye akasema amesikia huku Uingereza mtu akipata leseni serikali inampa gari. Sijui nani alimwambia hilo. Nilinyamaza kwanza ili nisijibu kwa hasira. Hasira bado ipo, lakini najibu hivyo hivyo.

Ya baridi mnayajua. Ya kazi yangu ya kuosha wazee mmeshayajadili hadi kwenye vikao vya harusi za watu. Mimi nasema la leseni.

Leseni ya Tanzania huku Uingereza unaruhusiwa kuiendeshea miezi 12 tangu uanze kuishi hapa. Ikipita, wewe si dereva. Hata kama ulikuwa unalishusha basi mlima Kitonga mvua inanyesha na abiria wamelala usingizi kwa imani waliyonayo kwako, hakuna anayeuliza. Unaomba leseni ya mwanafunzi, unabandika herufi L nyekundu mbele na nyuma ya gari, na pembeni yako lazima akae mwenye leseni. Pembeni yangu alikaa kijana ambaye wakati naanza kazi njia ya Mbeya yeye hajaota ndevu. Akanifundisha kushika usukani, na nikamlipa. Alikuwa kijana mzuri, simlaumu. Lakini nikifika nyumbani nilikuwa sitaki kuongea na mtu.

Kuna mtihani wa kompyuta: maswali 50, upate angalau 43. Baada ya hapo unaonyeshwa video za barabarani, unatakiwa ubofye hatari inapoanza kujitokeza. Hapa uzoefu ulinigeuka. Dereva aliyelelewa na barabara ya Mikumi anaona hatari kabla haijawa hatari. Ukibofya mapema kuliko walivyopanga wao, hupati alama. Ikabidi nijifunze kuchelewa kuona.

Ukivuka hapo unasubiri tarehe ya barabarani, na kusubiri kwenyewe ni kwa miezi. Siku ikifika, mtahini anakaa kama dakika 40 anaandika tu. Kosa kubwa moja, umeanguka. Madogo yakizidi 15, umeanguka. Mimi niko Wales, ambako tangu Septemba 2023 barabara nyingi za mitaani mwisho ni maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Utingo wangu wa zamani angeshuka akatembea kwa miguu, na angetutangulia. Honi nayo usiiguse mitaani kuanzia saa tano na nusu usiku hadi saa moja asubuhi. Mimi, bila honi!

Sasa kwa nini nijitese hivyo? Kwa sababu kazi ya kuhudumia wazee majumbani bila gari unapewa saa chache, na viza yangu imefungwa kwa mwajiri mmoja. Saa zikipungua, naye anaanza kuniona mzigo. Akiniacha, au akinyang'anywa kibali cha kuajiri watu wa nje, Uhamiaji wakishaniandikia barua nina siku 60 kupata mwajiri mwingine au kuondoka nchini. Huo ndio usingizi wangu ninaolala. Kwa hiyo kadi ilipobadilika kutoka ya kijani, ya mwanafunzi, ikawa ya rangi ya waridi, mimi sikuona kadi. Niliona kwamba mwezi ujao nipo. Nilidhani mtaelewa bila kuelezwa, na nyinyi mkaleta vikatuni.

Gari ninalo, ndiyo. Dogo, la mkononi, limepondeka ubavuni, na bima yake kwa mtu mwenye leseni mpya ni balaa. Miaka yangu ya basi kwenye bima haikuhesabiwa hata mmoja.

Ila raha yangu imo humo humo kwenye gari. Mnajua mimi kwenye bendi za dansi ni Sikinde damu. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa wa bendi pinzani, Msondo, na kwenye hilo hatukupatana mpaka mwisho. Sasa namsikiliza hata yeye, yaani naweka Msondo. Tatizo ni muda. Mama mmoja ana dakika 30, mzee mwingine ana 15, na njiani katikati hakuna anayenilipa, basi angalau muziki uwe wangu. Lakini nyimbo za dansi za zamani hazina haraka. Mwimbaji analalamika weee, magitaa yanazunguka, tarumbeta zinajibu, na chemko, pale wimbo unapochangamka, likitaka tu kuingia nimeshafika mlangoni kwa mtu. Nazima. Kila siku nazima pale pale. Jumapili moja barabara ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, nikazungushwa mbali, wimbo ukaimba mpaka ukaisha wote. Nilichelewa na nikasemwa vibaya kwenye simu, lakini ile Jumapili naihesabu. Ningeiweka kwenye grupu mngesema nimechanganyikiwa.

Kuna mzee ninayemwogesha, alikuwa mchimba makaa ya mawe. Migodi ya huku mingi ilifungwa baada ya ule mgomo mkubwa wa 1984 hadi 1985. Yeye ana kwaya zake za wanaume, watu wa Wales wanazipenda mno, na maji hayaguswi mpaka kwaya iwe inaimba. Mimi naitikia besi bila maneno. Siku moja akageuza shingo akaniambia sauti yangu imekaa. Tangu hapo nyumbani kwake siingii kinyonge. Hilo nalo ni langu, halitumwi kwa M-Pesa.

Wewe sasa, unayetaka nikutafutie mchongo. Usije. Mlango nilioingilia mimi umefungwa: tangu 22 Julai 2025 hawachukui tena wahudumu wa wazee moja kwa moja kutoka nje, na tangu 11 Machi 2024 mhudumu mpya haji na mke wala watoto. Kwa hiyo huyo dalali anayekutaka utoe milioni ili akupatie "barua ya mwajiri" anakuibia mchana kweupe. Kiwanja usiuze. Hata akikuonyesha barua yenye mhuri, usiuze.

Na usikae kijiweni ukiningoja mimi pia, inaniudhi. Maliza kozi yako ya magari ya abiria pale NIT, chuo cha usafirishaji, uingie barabarani. Siku utakayoliingiza basi Mbeya salama na abiria wakakuita suka wakishuka, nitakuonea wivu, na sitaficha.

Najua mnaona nasema usije huku mimi mwenyewe sirudi. Ndivyo ilivyo. Ningerudi leo ningekuja na nini mkononi? Na nani angenipa basi?

Hela ya mama itaingia tarehe ile ile. Ya tofali mwaka huu sahauni, bima imekula. Nirekodieni sauti ya mama akiimba jikoni mnitumie, yeye asijue kama anarekodiwa, maana akijua anaanza kuimba kikanisa.

Pasipoti lakini tengeneza. Inakaa miaka 10, haiozi, na mtu hajui. Hiyo shilingi 150,000 nitatuma mimi mwisho wa mwezi. Shangazi, najua unasoma: hiyo ni ya kwake peke yake.