Ganda la Hamsini

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: je, ni sawa kijana aliyetoka tu kumaliza kidato cha sita afundishwe kutumia bunduki? Swali nimelisoma nikiwa kwenye foleni ya fundi cherehani, mkononi nina kitambaa cha bluu iliyokolea. Kitinda mimba wetu kapangiwa kambi ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Orodha ya vifaa imebandikwa ukutani jikoni: bukta ya bluu yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, ifike magotini, fulana ya kijani, soksi ndefu nyeusi, shuka za bluu bahari. Kwa hiyo msitarajie nijibu kama mtazamaji.

Jibu langu ni ndiyo. Nilitaka niandike hilo tu nikalale.

Wanaopinga wanasema tunafuga majambazi. Hao hawajapita depo, yaani mafunzo ya kuruta. Mimi nilikwenda JKT kwa mujibu wa sheria mwaka 2014, mwaka wa pili tangu utaratibu uliositishwa 1994 urudishwe. Katika miezi ile mitatu nilishika jembe na fagio siku nyingi kuliko bunduki. Kwata, mchakamchaka alfajiri, chenja, zile nyimbo za kambini, mpaka sauti inakwisha, foleni ya maharage. Bunduki yenyewe tuliisoma kwanza kama somo la Biolojia: mtutu, kitako, magazini, triga. Kufungua, kufunga, kufungua tena, hadi ugali ukawa unanuka mafuta ya silaha. Jambazi gani anavumilia hayo?

Ilikuwa SMG, hii ambayo wengi wanaiita AK. Ninachokikumbuka hadi leo ni ile swichi yake ya upande wa kulia. Ikiwa juu kabisa, ni usalama. Ukiishusha nusu, risasi zinatoka mfululizo. Ukiishusha mpaka chini, inatoka moja moja. Afande wetu wa silaha alipenda kutueleza kwa nini: mwenye hofu huikandamiza kwa nguvu zote, na nguvu zote zinampeleka kwenye moja moja. Kwa maelezo yake, aliyeiunda alimfikiria mwoga. Nililipenda sana hilo, kwa sababu mimi ni mwoga.

Basi, siku ya shabaha.

Risasi tano kila mtu, meta 100, tumelala kifudifudi, kumi kumi kwa zamu. Bendera nyekundu imepandishwa. Afande anapita nyuma ya visigino vyetu akisema taratibu kama anayebembeleza mtoto: vuta pumzi, toa nusu, shika, triga usiikwapue, ibane. Ya kwanza sijui ilikwenda wapi, labda bado inasafiri. Kitako kilinipiga begani nikasahau jina langu. Lakini kati ya tano, tatu zilitoboa karatasi, na mbili kati ya hizo ungeweza kuzifunika kwa kiganja. Nilipenda, mhariri. Hamkuuliza, ila naliweka hapa kwa sababu sijawahi kumwambia mtu: nilipenda mno. Miezi yote tuliambiwa tuiogope silaha, tuiheshimu, tulale nayo. Hakuna aliyetuambia kwamba tunaweza kuipenda.

Sasa, SMG hutema maganda ya risasi kulia, tena mbali. Ganda moja la kijana aliyelala kushoto kwangu liliruka likaja kutua karibu na kiwiko changu, bado la moto. Nikamkumbuka baba. Yeye alipita JKT miaka ya sabini, na utoto wangu wote nimelishwa shabaha zake pamoja na uji. Nikaona nitampelekea hiki kidude cha shaba, akiweke kabatini kando ya redio. Tulipoamriwa kuinuka nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Ganda likaingia kwenye soksi.

Ukaguzi ukafanyika, mtutu ukielekea kwenye shabaha, chemba wazi, afande anachungulia. Kisha kila kuruta anasimama mbele yake na kutamka kwa sauti: sina risasi, sina ganda, afande! Nikatamka. Sauti yangu ilitoka safi kuliko ya mtu yeyote katika ule mstari.

Maganda yakahesabiwa: arobaini na tisa.

Wasiojua watauliza, ganda tupu lina thamani gani? Halina. Ila ganda lisiporudi, nani atathibitisha kwamba risasi yake ilipigwa? Huenda iko mfukoni mwa mtu, na usiku iko bwenini. Ndiyo hesabu yenyewe. Hivyo platuni nzima ikapiga magoti, bega kwa bega, tukachambua majani kama wanawake wanaochambua mchele. Ilikuwa saa kumi jioni. Mbigili zikatuingia magotini. Tulifika mwisho wa uwanja tukageuzwa, tukaanza upya. Msichana mmoja akalia, si kwa maumivu. Alisema amechoka kutafuta kitu ambacho pengine hakipo. Nilikuwa pembeni yake. Kilikuwepo, sentimita chache kutoka kwenye goti lake.

Afande akamtoa yule kijana wa kushoto. Alikuwa mcheshi, na juzi yake alikamatwa na sukari ya jikoni, basi alikuwa ameshaandaliwa kuwa mwizi wa kila kitu. Akala doso, adhabu ya kambini. Kichura kuzunguka uwanja mzima, na waliowahi kuruka kichura wanajua. Wengine siwezi kuwaeleza. Mzunguko wa pili akatapika. Hakusema neno. Mimi nikaendelea kuchambua majani.

Saa moja kasoro hivi, giza likishuka, nilijikuna kifundo cha mguu, nikaliacha likaanguka, nikasogea hatua moja, nikarudi. "Nimeliona, afande!" Platuni nzima ilishangilia. Nikaitwa macho makali. Wiki ile sikuosha masufuria, na Jumapili nikaongezewa wali. Nilikula.

Hapa nimesimama, nimechemsha chai, nimerudi. Nilianza barua hii nikitaka kuwaambia kwamba mafunzo ya silaha yanajenga nidhamu. Bado naamini utaratibu wenyewe ni mzuri: bendera, ukaguzi, hesabu ya kila ganda. Somo zima la bunduki, ukilitazama, ni somo la kutopiga. Lakini mimi nililipita somo hilo kwa alama nzuri na jioni ile ile nikamwacha mwenzangu atapike. Utaratibu ulimkamata asiyehusika kwa sababu mhusika alikuwa na sauti safi. Sijui kosa hilo niliweke kwenye bunduki, kwenye miaka yangu kumi na tisa, au kwangu tu.

Basi ndiyo yangu imechakaa kidogo. Wafundishwe, sawa, hasa sisi waoga. Waambiwe mapema kwamba huenda wakapenda, ili wakipenda wasishtuke na kulificha. Na kama kambi ya mdogo wangu itakuwa na bustani inayohitaji kumwagiliwa asubuhi ile ya shabaha, akapangwa huko yeye, mimi binafsi sitalalamika. Najua hailingani na nilivyoanza. Msinikatie hiyo sentensi.

Baba nilimrudia mikono mitupu. Nilimsimulia jinsi ganda lilivyopotea, akacheka sana, akasema hata enzi zao lilipotea moja, wakatafuta mpaka usiku. Kisha akauliza, "Na aliyelificha alikuwa nani?" Nikamwambia halikufichwa, baba, lilidondoka tu kwenye majani. Akaniangalia, akaongeza sauti ya redio.

Juzi nimemsikia sebuleni akimwambia kitinda mimba wake, kwa utani, kwamba dada yako hakuniletea kitu, wewe niletee walau ganda moja.

Fundi nimemwambia bukta isiwe na mfuko hata mmoja. Soksi ziko kwenye orodha.

Msomaji wenu,
Morogoro