Kabla Hujanunua Tyubu ya LED, Uliza Stima Inaingilia Wapi

Taa ya sebule yetu hapa Migosi, Kisumu, ilikuwa na tabia ya kukonyeza. Jioni, majirani wote wakiwa wamewasha kila kitu na stima imepungua nguvu, tyubu hukonyeza weee mpaka unakata tamaa, ndipo ikubali kuwaka. Ukibadilisha stata, kile kikopo kidogo cha kuiwasha, inatulia wiki mbili, halafu ni yale yale. Na choki, kile kifaa cha kudhibiti stima ya tyubu, ikinguruma usiku kucha kama mzinga wa nyuki.

Fundi wa kwanza alichomoa stata, akaweka ile stata bandia inayokuja na tyubu ya LED, akapachika tyubu mpya, akashuka ngazi. Dakika tano tu. Nikamlipa na kumsifu. Usiku nilipozima televisheni, nikasikia nyuki wangu bado wako.

Njia hiyo si kosa. Kama taa yako ina stata, choki yake ni ile nzito ya waya, na tyubu nyingi za LED zinavumiliana nayo. Kama haina stata, mara nyingi ndani kuna balasti ya kielektroniki, yaani choki ya kisasa, na hapo usibahatishe: isipokuwa tyubu imeandikwa wazi kwamba inakubaliana nayo, balasti itoke. Mimi hata choki nzito naitoa. Ikibaki inakula stima bila faida, na siku ikiungua taa inazimika ilhali tyubu ni nzima.

Sasa nifike pale paliponiunguza. Kuna tyubu za LED zinazopokea stima upande mmoja: laivu kwenye pini moja, nyutro kwenye pini ya pili, zote mwisho ule ule. Nyingine hupokea pande mbili, laivu huku na nyutro kule. Ukizitazama dukani zinafanana kama mapacha. Fundi wa pili alitoa choki na stata, akaunganisha waya kwa tyubu za upande mmoja, kazi safi. Miezi kadhaa baadaye tyubu ya korido ikafa. Nikaenda duka la hadwea, nikachukua yoyote ya futi nne, nikaipachika mwenyewe na kubonyeza swichi. Paa! Nyumba nzima giza. Ile tyubu ilikuwa ya pande mbili, na pini zake za mwisho mmoja zimeunganishwa ndani. Kwa hiyo laivu na nyutro zilikutana uso kwa uso. Shoti. Bahati yangu breka iliruka upesi.

Hata ya upande mmoja inaweza kukufanyia hivyo ukiigeuza, maana mara nyingi pini za mwisho ule mwingine zimeunganishwa pia. Soma mchoro uliobandikwa kwenye tyubu, au tafuta herufi L na N karibu na pini. Kama hakuna mchoro wala herufi, rudisha.

Usifungue taa kwa kuamini swichi ya ukutani. Kwetu fundi aligusa waya kwa testa, swichi ikiwa imezimwa, na testa ikawaka. Aliyejenga alipitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu. Zima swichi kuu, kisha pima. Na kama waya zinakutisha, ita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati.

Faida? Tyubu ya wati 36 pamoja na choki yake hula kama wati 45. LED yangu ni 18. Taa nne, saa tano kila usiku, naokoa karibu uniti 16 kwa mwezi, na tokeni yangu imeanza kuniheshimu. Wadudu wa ziwa bado wanakuja, hao hawajui mgeni, ila wamepungua kidogo.

Zile tyubu za zamani zina zebaki, kwa hiyo usiwape watoto wachezee panga. Ikivunjika, fungua madirisha, okota vipande kwa karatasi ngumu, malizia kwa kitambaa chenye maji, ufagio uuache. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki, Kenya ikiwemo, zilikubaliana 2023 kwamba ifikapo mwisho wa 2027 tyubu hizo ziwe zimekoma kutengenezwa na kuingizwa nchini. Ukisubiri, utatafuta mpya na kuzikosa.

Baada ya ile shoti nilichukua kalamu ya wino mzito, nikapanda ngazi na kuandika juu ya taa ya korido: LED PEKEE. STIMA UPANDE WA MLANGO. Fundi alipokuja akasoma, akacheka.

"Mama, nipe hiyo kalamu," akasema. "Ya jikoni nayo iko upande wa dirisha."