Nywele kukakamaa baada ya kuosha

Dada, umeuliza kwa nini nywele zako hukakamaa kama usumba ukiziosha kwa maji ya kisima hapo Lamu, hata ukipaka mafuta ya nazi. Kosa si mafuta. Maji ya kisima yana chokaa. Ikikutana na sabuni huacha utando, na mafuta hukaa juu yake tu. Osha kwa shampuu, usitumie sabuni ya mche, kisha suuza kwa maji ya mvua, au nusu lita ya maji yenye kijiko kimoja cha siki.

Zikiwa bado zachuruzika, tia kondishena, gawa mafungu manane, fumbua kwa vidole kuanzia nchani, ndipo upitishe chanuo la meno mapana. Mafuta ni mwisho, matone machache kiganjani. Sokota kila fungu, usifumue mpaka zikauke kabisa: zikifumuliwa mbichi hutimka, hasa wakati wa mvua za masika.