Barua kwa mwanangu: kuhusu neno "tu"

Korogwe, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Alhamisi nimeusoma mara nne, mara ya kwanza katika simu ya mama yako nikiwa nimesimama jikoni, na mara tatu nikiwa nimekaa na miwani yangu. Umeniuliza jambo lililo wazi: je, uiache nafasi ya shahada ya sayansi ya maabara uliyopangiwa, ukae mwaka mzima, urudie fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha uombe tena udaktari, au, kwa maneno yako mwenyewe, "nikubali maabara tu, Baba"? Umetaka jibu kabla ya siku ya mwisho ya kuthibitisha udahili, na nitajitahidi kukujibu. Lakini unisamehe, kwa sababu kila nikilikaribia swali lenyewe jicho langu linarudi kwenye lile neno dogo ulilolitia mwishoni.

Najua hukulikusudia. Hadubini uliifahamu kabla hujajua kusoma. Ulikuwa ukiletwa kazini kwangu na dada yako baada ya shule ya awali, unapandishwa juu ya kigoda, unafumba jicho lisilostahili kufumbwa, halafu unasema umewaona wadudu. Ada yako, na ya dada yako kabla yako, ilitoka kwenye kigoda hicho. Kwa hiyo silalamiki. Nasema tu kwamba nimeliona. (Umeona? Hata mimi nimelitumia.)

Matokeo yako ninayo kichwani: biolojia B, kemia C, fizikia E. Pointi nane si haba, na kuna kozi nyingi za afya zinazokufungulia mlango kwa pointi hizo, lakini vyuo vya udaktari vinataka angalau D katika kila moja ya masomo yale matatu, na E inaishia 49 wakati D inaanzia 50. Unachokitafuta, basi, ni alama chache za somo moja. Ninaogopa kwa sababu ni chache. Mtu aliyekosa alama arobaini anajua kwamba lazima abadilike. Aliyekosa tano au sita anadhani mwaka wenyewe utamletea, kama embe linaloiva likiwa kabatini.

Mimi husema, nawe umeshachoka kunisikia, kwamba mtihani haurudiwi na mtu yule yule. Akienda yule yule, hurudi na alama zile zile. Nimelisema hilo kwa dada yako, kwa watoto wa shangazi yako, na mpaka kwa kijana wa bodaboda aliyeniambia anarudia kidato cha nne. Kisa nilikolitoa sijawahi kukueleza chote, kwa kuwa sehemu yake moja ilinishinda kuisema.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1990, nikaenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, mwaka mmoja kama ilivyokuwa lazima wakati huo, na nikarudi nyumbani nikiwa na kemia E. Zama hizo mlango wa udaktari nchini ulikuwa mmoja, Muhimbili, penye shule iliyoanza mwaka 1963, na kwa alama hiyo mlango huo haukunifungukia. Babu yako akasema nirudie. Alikuwa msimamizi katika shamba la mkonge, hakuwahi kukanyaga darasa la sekondari, lakini alikuwa amekwisha kuwatangazia wazee wenzake wa kahawa kwamba kijana wake ni daktari, na mtu wa heshima hawezi kurudi barazani kuwaambia wazee kwamba alisema mapema. Akanipeleka Tanga kwa baba mdogo, akanilipia ada ya mtihani, akanipa chemli mpya na galoni ya mafuta ya taa.

Mwaka huo nilisoma sana, hilo nakuapia. Tatizo ni nilichokisoma. Nilisoma biolojia, kwa sababu niliipenda, na kila nilipofungua kemia nikakuta ukurasa unaonikera nilijiambia kwamba nitauanza kesho asubuhi nikiwa na akili mpya. Kufikia mwisho wa mwaka ningeweza kukuchorea figo usiku bila taa, lakini bureti, ule mrija wa kioo wenye koki na vipimo, nilikuwa sijaishika tangu nilipoondoka shuleni. Mtahiniwa wa kujitegemea hana maabara. Ana daftari, ana kiti, na ana watu wa nyumbani wanaomwona amekaa.

Siku ya mtihani wa vitendo mwaka 1992 tulipewa asidi kwenye bureti, besi kwenye chupa, na matone ya methili oranji, ile rangi inayobadilika asidi ikitosha. Nilifungua koki kwa mkono uliokuwa umesahau. Maji ya manjano yakaanza kubadilika pembeni, nikachelewa kufunga, na yote yakawa mekundu kama juisi ya rozela. Nikarudia. Mara ya kwanza nilikuwa nimesoma mililita 22.6 za asidi, mara ya pili nikasoma 24.1, mara ya tatu 23.5. Kama unavyojua, vipimo hivyo vinatakiwa kukaribiana sana, vikitofautiana kwa nukta moja au mbili, na muda ulikuwa umekwisha. Msimamizi alipita nyuma yangu, nikamsikia hadi viatu vyake vikafika mlangoni, kisha nikafuta na kuandika 23.4, 23.5 na 23.5.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuwahi kuisema. Mama yako nimemwambia leo mchana, naye akaniuliza kwa nini nilihitaji miaka yote hii kwa ajili ya tarakimu tatu.

Sijui kama tarakimu hizo ndizo zilizoniponza. Biolojia yangu ilipanda, na kemia ikabaki E ile ile, kana kwamba sikuwa nimekwenda. Nikachukua nafasi ya chuo cha maabara, nikaingia kazini, na huko, kwa kweli na bila kujisifu, nikawa mtu mwingine. Kipimo cha malaria tulihesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe mia mbili, moja moja, na wapo wenzangu waliokuwa wakihesabu hamsini na kuzidisha kwa nne, hasa masika, foleni ya akina mama ikifika hadi kwenye mwembe. Mimi sikuwahi kuzidisha. Usiku mmoja daktari wa zamu alikasirika kwa sababu nilikataa kuandika malaria kwenye karatasi ya mtoto ambaye slaidi yake ilikuwa safi. Aliniambia mtoto anachemka, homa ni ya masika, nasubiri nini? Nikaikagua upya slaidi ile ile, uwanja kwa uwanja, nikampelekea jibu lile lile. Ikabidi atafute kwingine, akakuta ni sikio, limevimba kwa ndani. Hakuniomba radhi, lakini tangu siku hiyo akawa anasubiri majibu yangu kabla ya kuandika dawa.

Usidhani nasema kwamba kufeli kulinifaa. Kuna wazee wanaowaambia vijana hivyo, nami siwaamini. Kama ningeipata D ile ya kemia ningekuwa daktari, pengine daktari mzuri, na pengine hata hivyo ningejifunza kutozidisha kwa nne. Sijui. Kila nikifika hapa najibishana na nafsi yangu, nayo hunishinda.

Sasa turudi kwenye neno lako. Unakumbuka siku za mwisho za babu yako, wodini? Ulikuwa na miaka tisa, umeshika chupa ya uji. Babu yako hakuacha kuniita Dokta maisha yake yote, nami sikupata kujua kama ilikuwa mapenzi au kijembe, maana alikuwa na uso wa mtu anayeweza yote mawili kwa pamoja. Siku hiyo aliniita hivyo mbele ya daktari aliyekuwa akipita kitanda kwa kitanda. Yule bwana akanigeukia kwa adabu, akaniuliza, "Ooh, Daktari, wewe uko hospitali gani?" Nami nikamjibu, babu yako akinisikiliza, "Hapana, mimi ni mtu wa maabara tu."

Tangu Alhamisi najiuliza kama neno hilo hukulitoa kwangu.

Nimekwenda mbali, najua. Nirudi kwenye mwaka wako, maana kuna mambo ninayoyajua na siwezi kuyanyamazia. Shangazi yako atakuambia kwamba mwaka wa kukaa ni mwaka uliopotea. Mkumbushe habari za baba yako mkubwa: yeye alimaliza kidato cha sita baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, wakati vijana walipotakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, akahesabu magunia ghalani kwa miaka miwili, na hakuna aliyemwita mvivu kwa sababu kila mtu alimwona akitoka asubuhi na kurudi jioni. Balaa la mwaka wako si urefu wake. Balaa ni kwamba utaupitisha nyumbani, ukiwa binti, na mtu anayerudia mtihani nyumbani ni mtumishi wa wote: atatumwa dukani kwa sababu amekaa, ataachiwa mtoto wa dada yake kwa sababu amekaa, atapelekwa msibani kuwakilisha ukoo kwa sababu amekaa. Saa mbili za fizikia zitaliwa na nyanya za shilingi elfu moja. Mama yako na mimi tutaapa kwamba hatutakutuma, na siku ya tatu tutakutuma.

Ipo pia njia anayoisema shangazi yako huyo huyo, ya kusoma stashahada ya utabibu miaka mitatu, kisha ukiwa na wastani mzuri uombe udaktari kwa mlango huo. Si njia ya aibu, nami nimefanya kazi na matabibu waliokuwa na mikono bora kuliko madaktari wao. Lakini ni ndefu, na wengi wakishaanza kupokea mshahara, nauli ya kurudi chuoni huwa haitoshi tena. Njia ya kukubali maabara mwaka huu na kujisajili fizikia kimyakimya pembeni naiogopa zaidi, kwa sababu itakufanya mwanafunzi nusu mahali pawili. Ingawa, nikisema kweli, dada yako angeiweza. Wewe sijui. Wewe kitu usichokipenda unakiahirisha, na hilo hukulirithi kwa mama yako.

Hilo ndilo ningependa ujiulize kabla ya kuniuliza mimi. Usinieleze unautamani udaktari kiasi gani. Hilo nalijua tangu ulipomfunga bendeji paka wa jirani. Nieleze fizikia ilikushinda wapi hasa. Ni umeme? Ni vitendo, ulipopima na vipimo vikakataa kukubaliana? Ukiweza kunionyesha ukurasa wenyewe kwa kidole, basi mtu mwingine ameshaanza kuzaliwa ndani yako, na mtihani haurudiwi na mtu yule yule. Ukiniambia "nitasoma vyote kwa bidii zaidi," nitakumbuka chemli yangu.

Nami sina budi kukiri kwamba ushauri wangu una kasoro. Kwangu mlango ulikuwa mmoja, ukifungwa umefungwa. Wewe una Muhimbili, una Bugando, una KCMC, una Kairuki, una Dodoma, na wengine wanavuka maji hadi Zanzibar. Mimi nilikuwa na aibu ya baba barazani. Wewe una baba ambaye hajamtangazia mtu yeyote, isipokuwa muuza magazeti, na huyo alikwisha sahau. Pengine ninachokiogopa kwa niaba yako ni mwaka wangu, siyo wako.

Unataka jibu, na jibu ninalo. Nimeliandika mara mbili katika barua hii, nikalikata kwa kalamu mara mbili, na mama yako, aliyekuwa akichungulia begani kwangu, akasema nikiliandika mara ya tatu ataichukua karatasi yenyewe. Anasema babu yako alinijibia swali langu mwaka 1991, na kwamba ndiyo maana hadi leo nalijibu. Sikubaliani naye, lakini nitamtii mpaka Jumatano. Ukinipigia kabla ya hapo na kuniuliza moja kwa moja, sina hakika kama nitaweza kujizuia, kwa hiyo fikiri vizuri kabla hujapiga.

Jambo moja la mwisho ambalo si ushauri. Juzi nilikutana sokoni na mwalimu wa fizikia wa shule ile iliyo upande wa pili wa reli, tukaongea habari za mvua na bei ya mchele. Katika maongezi nikamwuliza, kwa udadisi, kama maabara yao hufunguliwa mwishoni mwa wiki. Amesema hufunguliwa Jumamosi, saa tatu hadi saa saba, na mtu wa nje anaweza kuja akijitambulisha. Sikumwambia kama yupo atakayekuja. Nilinunua mchele, nikaondoka. Chumba cha uani nacho nimebadilisha taa, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa inapepesa.

Salamu kutoka kwa mama yako, na kwa dada yako aliyeko hapa na mtoto wake, ambaye hutaachiwa.

Baba yako