Tani kugawa kwa pato la mkoa: inatosha kupanga Iringa, Mbeya, Njombe na Songwe?

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuchukua tani za hewa ukaa za kila mkoa, ukagawa kwa pato lake, halafu ukatangaza nani ana ufanisi zaidi. Kwa kuanzia, sawa. Ila nimeshughulika na majedwali ya aina hii hapa Mbeya, na mara nyingi kinachopandisha au kushusha mkoa ni moshi umeandikwa kwa jina la nani.

Chukua malori ya Zambia na Kongo. Dereva anajaza Makambako mkoani Njombe, mafuta yanaungua Mbarali, Uyole, Mbalizi, hadi foleni ya Tunduma. Lita ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Ukihesabu kwa mauzo ya vituo, Njombe inabebeshwa zote. Ukihesabu kwa kilomita, mzigo unahamia Mbeya na Songwe. Lori ni lile lile, orodha mbili tofauti. Na shaba iliyobebwa haimo kwenye pato la yeyote kati yao!

Saruji nayo. Kiwanda kipo Songwe ya karibu na Mbalizi, yaani mkoa wa Mbeya, si mkoa wa Songwe (kosa hilo nimelikuta zaidi ya mara moja). Hata ukibadilisha nishati ya tanuri, mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa yanatoa karibu nusu tani kwa kila tani ya klinka (madonge ya tanuri yanayosagwa kuwa saruji). Mbeya inaandikiwa moshi wote, mifuko inajenga Sumbawanga.

Mpunga wa Usangu hutoa methani, ambayo kwa miaka 100 hupasha joto kama mara 28 ya hewa ukaa. Ukiacha methani nje, Mbeya, yenye wilaya ya Mbarali, inang'aa bure. Msitu wa kupandwa wa Sao Hill, unaofyonza hewa ukaa, nao uwekee safu yake. Ukitoa ilichofyonza kwenye moshi wa Iringa utakuwa unapima miti, si ufanisi wa uzalishaji.

Kama unalinganisha miaka, kumbuka Njombe ilimegwa Iringa 2012 na Songwe ikamegwa Mbeya 2016. Iunganishe kwanza na mikoa mama.

Kuhusu DEA uliyoitaja (Data Envelopment Analysis, mbinu ya kupima ufanisi kwa kulinganisha kinachoingizwa na kinachozalishwa), ile ya Charnes, Cooper na Rhodes ya 1978: inampa alama 1 aliye bora ndani ya kundi, hata kama kundi zima ni bovu. Ukiweka nguvukazi, mtaji, nishati, pato na hewa ukaa, una vigezo vitano. Kwa mazoea unahitaji mikoa angalau mara tatu ya vigezo, yaani 15. Ukiiendesha kwa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini peke yake, karibu wote watapata 1. Tumia mikoa yote 26 ya Bara, na hewa ukaa uiingize kama zao lisilotakiwa, yaani linalohesabiwa kuwa baya likiongezeka.

Mimi ningetoa orodha mbili, ya mauzo ya mafuta na ya kilomita. Mkoa unaoruka nafasi kati ya hizo mbili, usiupe cheo.