Je, Jenerali Musuguri alibebwa na Butiama? Maswali yenu wiki hii

Tangu nilipomwandika marehemu Jenerali David Musuguri katika ukurasa huu, barua zimemiminika hapa Barabara ya 12, Ngamiani. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu imenikera, na mwandishi wake anastahili jibu lililokamilika.

*Shikamoo mzee. Umemsifu sana Musuguri, lakini hapa kijiweni kwetu wanasema alipanda vyeo kwa sababu alizaliwa kijiji kimoja na Mwalimu Nyerere. Hakusoma Sandhurst, chuo cha maofisa wa jeshi huko Uingereza, kama wenzake. Ukuu wa Majeshi aliupataje kama si kubebwa? – Kijana wa Pongwe*

Marahaba, mwanangu. Kweli alizaliwa Butiama, tarehe 4 Januari 1920, miaka miwili kabla ya Mwalimu. Zaidi ya hapo wenzako hawana hoja, na ukitaka kuwanyamazisha wapangie miaka tu.

Musuguri aliingia King's African Rifles, ile KAR ya Waingereza, mwaka 1942. Mwaka huo Mwalimu alikuwa mwanafunzi Tabora. Angembeba nani, na kwa mamlaka gani? Huyo kuruta wa Butiama akapelekwa Madagaska, ambako Waingereza walikuwa wakipigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani. Kufika 1947 alikuwa sajenti, akapelekwa kambi ya Kahawa, Kenya, kufundisha askari wapya. Imesimuliwa mara nyingi, hata yeye akiwa hai, kwamba kati ya waliopita mikononi mwake alikuwamo kijana mmoja wa Uganda aliyeitwa Idi Amin.

Sasa tulia hapa kidogo, maana vijana wengi hawajui KAR ilivyokuwa. Marehemu mjomba wangu, mtu wa Mkinga, alipigana Burma na KAR. Akikaa barazani jioni alikuwa akitueleza kwamba Mwafrika aliweza kuijua bunduki, ramani na tabia za kila askari wa kombania yake, na bado amri ikatoka kwa kijana wa Kizungu aliyeshuka melini juzi. Ofisa alikuwa Mzungu. Mwafrika, hata angekuwa hodari namna gani, alikoma kwenye vyeo vya chini ya ofisa. Katikati ya miaka ya 1950 Waingereza walipoona uhuru unabisha hodi wakabuni cheo cha efendi: juu ya maofisa wateule, chini ya kila ofisa mwenye kamisheni. Musuguri alikipata mwaka 1957, baada ya miaka 15 ya utumishi. Waliompa hawakuwa na haja yoyote ya kuifurahisha Butiama. Wakati huo Mwalimu alikuwa kiongozi wa TANU, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikimtazama kwa jicho la wasiwasi.

Kisha tazama baada ya uhuru. Jeshi letu, JWTZ, lilianzishwa 1 Septemba 1964 baada ya yale maasi ya askari ya Januari yaliyoanzia kambi ya Colito, Dar es Salaam. Mkuu wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya, aliyepitia Sandhurst, kijana na msomi, na nchi ilimhitaji. Alikaa miaka kumi. Mwaka 1974 akafuata Abdallah Twalipo. Musuguri alishika nafasi hiyo mwaka 1980, akiwa na miaka 60, akaishika mpaka 1988. Mtu wa kubebwa hangojei hadi afikishe sitini, mwanangu, tena apite kwanza katika vita.

*Mzee wangu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Chumbageni. Mwalimu wa historia alitaja Lukaya halafu kengele ikalia. Musuguri alifanya nini Lukaya?*

Ahsante, mjukuu wangu. Nilikuwa dereva wa lori la jeshi katika vita vile, kwa hiyo nikikuambia habari za barabara nakuambia nilichokiona. Habari za mapigano yenyewe nilizipata kwa waliokuwapo.

Majeshi ya Idi Amin, aliyekuwa mtawala wa Uganda wakati huo, yalivamia Kagera Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akatoa ile hotuba ya sababu, nia na uwezo. Tukawasukuma nje, tukavuka mpaka. Januari 1979 tukaitwaa Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, na ndipo Musuguri akapata lile jina la Jenerali Mutukula. Februari ikaanguka Masaka. Yeye alikuwa ndiye kamanda wa Divisheni ya 20, iliyokuwa ikielekea Kampala.

Mbele ya Masaka kuna Lukaya, na baada ya Lukaya barabara ya Kampala inapita juu ya tuta refu katikati ya bwawa. Nilipopita pale siku chache baada ya mapigano, nikiwa na shehena ya unga, kulia kwangu yalikuwa mafunjo na kushoto mafunjo. Gari haliwezi kutoka nje ya lami. Sasa fikiri brigedi nzima inayotakiwa kupita hapo huku adui yuko mbele.

Tarehe 10 Machi Brigedi ya 201 ilifika Lukaya. Kanali Gaddafi alikuwa amemletea Amin askari wa Libya, na waliifyatulia brigedi yetu maroketi. Wengi wa vijana wetu walikuwa hawajawahi kusikia kishindo kile. Walirudi nyuma bila mpangilio, na Lukaya ikaponyoka. Sikufichi hili, maana bila kulijua hutaelewa kilichofuata.

Makamanda wengi wangerudisha kila kitu Masaka na kujichimbia huko. Musuguri aliagiza Brigedi ya 208 igeuke, ipite pembeni usiku, izunguke bwawa na kuikamata barabara ya Kampala nyuma ya adui. Ile 201 iliyokuwa imetawanyika ikakusanywa na kupangwa upya usiku uleule ili ishambulie kutoka mbele. Alfajiri ya tarehe 11 Walibya na watu wa Amin wakajikuta wamebanwa pande mbili. Baada ya siku hiyo jeshi la Amin halikuweza tena kusimama imara mbele yetu. Entebbe ilianguka Aprili 7, na Kampala Aprili 11.

Mimi najiuliza mara nyingi: kuikusanya usiku mmoja brigedi iliyokimbia kunataka nini? Ramani peke yake haitoshi. Anatakiwa mtu anayejua askari mwenye hofu anafanana na nini, na anajua sajenti gani anaweza kumrudisha kwenye mstari. Musuguri alikuwa sajenti kabla baadhi ya maofisa wake hawajazaliwa. Ndiyo maana wale wa kijiweni Pongwe wakisema Musuguri hakusoma Sandhurst wananipandisha hasira. Darasa lake lilikuwa Madagaska na Kahawa.

*Bwana mhariri, hapa Tanga tuna historia ya Jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyewashinda Waingereza mjini kwetu. Mbona humwandiki? – Msomaji, Raskazone*

Nitamwandika siku yake ikifika, ndugu yangu. Kwa leo nisahihishe jambo moja: katika vita vya Tanga vya Novemba 1914 Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa luteni kanali. Ujenerali ulikuja baadaye. Na ushindi ule, askari wapatao elfu moja dhidi ya kikosi cha watu kama 8,000 kilicholetwa kutoka India, ulipatikana kwa mabega ya askari ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Yeye ana vitabu vingi. Musuguri aliishi miaka 104, akafariki Mwanza tarehe 29 Oktoba 2024, na bado kidato cha nne wanamjua kwa jina tu. Niwie radhi nikianza na wa kwetu.

*Kaka, salamu. Nina picha ya marehemu baba akiwa na sare ya KAR, ana tepe tatu mkononi. Alikuwa jenerali? – Dada yako wa Muheza*

Salamu nimezipokea, dada yangu. Tepe tatu ni sajenti. Tepe mbili ni koplo, na moja ni koplo usu. Kwa Mwafrika wa zama zile tepe tatu zilikuwa cheo kikubwa, usizione ndogo.

Angalia kama kuna nambari kwenye beji au maandishi nyuma ya picha. Watu wa Tanganyika wengi walikuwa Batalioni ya 6. Tafuta pia cheti chake cha kuacha jeshi. Mara nyingi wazee walikihifadhi pamoja na vyeti vya ndoa au hati ya shamba. Nambari ya utumishi ndiyo itakayokufikisha mbali, kwa hiyo inakili mahali pawili. Picha usiitume kwa posta. Ukija mjini, ulizia duka la baiskeli lililo mkabala na kwangu, Barabara ya 12, wataniita. Njoo asubuhi, mchana macho yangu hayaoni vizuri maandishi madogo.